Watu wa Ziwa Tulipokwenda Diani

Jirani yangu wa hapa Migosi, Kisumu, amebisha mlangoni kwangu mara tatu mwezi huu, na swali ni lile lile. Desemba anataka kuwapeleka watoto Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Atenge shilingi ngapi? Mimi namjibu kwa swali: siku hizo mtakapokuwa huko, mwezi utakuwa na siku ngapi? Ananitazama kama mtu aliyepigwa na jua la saa saba. Pesa najua atazipata, chama chetu cha kuchangiana ni kimoja na zamu yake ya kupokea ni Novemba. Ila hilo la mwezi asipolishika, bahari atailipia nauli na asiikute.

Mimi ni mzaliwa wa Kisumu. Nina cherehani mbili Kondele, na ziwa nimeliona tangu nijue kuona. Jumapili jioni, hela zikiwepo, tunashuka Dunga kula ngege, au tunaenda Hippo Point kutazama jua likizama. Ziwa letu lina vituko vyake. Leo unaona maji, kesho upepo umesukuma gugumaji mpaka ukingoni na mashua zimekwama katikati ya kitu kinachofanana na shamba la sukumawiki. Lakini ukilifunua hilo gugumaji, maji yapo chini yake, hayajaenda popote. Basi safari ya pwani niliipanga kwa akili ya ziwa.

Na kuna jambo la aibu kidogo. Watoto wengi wa Kisumu hawajui kuogelea, wangu wakiwemo. Ziwani kuna viboko, kuna mamba, kuna kichocho, kwa hiyo mtoto hukua kando ya maji akiambiwa “toka hapo”.

Tuliondoka Agosti 2025, shule zilipofungwa. Tulikuwa mimi, baba watoto, kifungua mimba wangu wa kike, kaka yake wa miaka 9, kitinda mimba wa miaka 5, na mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Dani kama ilivyo desturi kwetu. Dani amevuka miaka 70, ni mtu wa kisiwa cha Rusinga, huko huko ziwani, mjane wa mvuvi. Alikubali kuja kwa masharti mawili: asilazimishwe kuingia majini, na thamosi yake ya chai asibebewe na mtu.

Njiani sitakaa sana. Tulipanda basi la usiku, tukafika Nairobi alfajiri, tukangoja treni ya SGR ya kwenda Mombasa ya saa tisa alasiri kule Syokimau. Kungoja kuliuma, lakini jirani nimemwambia asijidanganye kuunganisha basi la usiku na treni ya saa mbili asubuhi. Lori moja likilala barabarani Salgaa, tiketi zimekwenda na maji. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 1,500 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 nusu yake. Kifungua mimba alikuwa ametimiza 12 mwezi Juni, akakatiwa tiketi kamili, na kwa jinsi alivyotembea na ile karatasi mkononi ungedhani treni ni yake. Kule Tsavo tuliona ndovu wekundu dirishani. Wa kati akauliza ni nani aliyewapaka rangi. Ni udongo wa huko tu, wanajimwagia.

Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, tulishuka usiku. Zamani ungelazimika kuvuka feri ya Likoni na mizigo na watoto waliosinzia, lakini sasa kuna barabara ya Dongo Kundu inayokutoa upande wa kituo cha treni hadi Kwale bila kugusa kivuko. Tukapatana na dereva, tukaingia Ukunda, mji ulio kando ya Diani, tukiwa tumechoka. Mwezi ulikuwa mpevu, umejaa kama sinia, umekaa juu ya minazi. Sote tukausifu. Baba watoto akaupiga picha. Hatukujua kwamba tunachokisifu ni ratiba.

Nyumba tuliyokodi tuliichagua kwa picha za simu. Picha zilionyesha maji karibu na mlango. Mlango wenyewe ulikuwa ng'ambo ya barabara ya Diani, upande wa Ukunda, na kutoka pale hadi mchangani, kwa miguu ya mtoto wa miaka 5, ni dakika 20 na vilio viwili. Kosa letu ni kwamba hatukuuliza. Diani ni ukanda mrefu, barabara inakwenda sambamba na bahari, na swali la kwanza kumwuliza mwenye nyumba ni: uko upande gani wa barabara? La pili ni maji ya bafuni. Ya kwetu yalikuwa ya kisima, yana chumvichumvi, sabuni haitoi povu ng'o. Dani aliosha vikombe mara tatu akidhani kuna mtu ameviharibu.

Jumamosi, siku ya kwanza. Tulikunywa chai polepole, tukafungasha chapati, taulo, mpira, boya la bata, tukafika ufuoni yapata saa nne na nusu.

Bahari haikuwepo.

Kulikuwa na mchanga mweupe, kisha mchanga wenye mikunjo kama kitambaa ambacho hakijapigwa pasi, kisha mawe, vidimbwi na majani ya mwani, na mbali kabisa, huko mawimbi yanakovunjika kwenye mwamba, mstari mweupe. Kitinda mimba alikuwa tayari amevaa boya la bata. Akasimama hapo. Kaka yake akaniuliza kama tumekosea barabara. Baba watoto, ambaye hapendi kuonekana hajui, akasema pengine ni kiangazi.

Tulikaa saa moja, tukala chapati, tukarudi. Jioni nikasema twende tena angalau tuone jua likizama baharini, kama tunavyofanya nyumbani. Tulifika saa kumi na moja na ushee. Sasa bahari ilikuwepo yote! Ilikuwa imepanda mpaka kwenye kuta za mahoteli, imemeza mchanga wote, hakuna pa kukanyaga, mawimbi yanapiga ukuta na kurusha povu. Na jua? Tulingoja tukitazama maji mpaka Dani aliponigusa bega, akaelekeza kidole nyuma yetu. Lilikuwa linazama kwenye minazi ya Ukunda. Pwani yetu inatazama mashariki. Mtu mzima nimesoma jiografia na kuifaulu, lakini miguu yangu imezoea kwamba palipo maji ndipo jua linapolala.

Jumapili tulijifanya werevu. Kama maji yanaondoka asubuhi, tuyafuate. Watu tuliwaona wakitembea hadi kwenye fungu la mchanga huko mbele, wakipiga picha. Mimi, Dani na kitinda mimba tukabaki chini ya mvinje. Baba watoto na wale wakubwa wawili wakaenda. Niliwaona wakivuka mahali ambapo maji yaliwafika vifundoni, wakapanda kwenye fungu, wakawa watu wadogo wadogo wanaorushiana mchanga. Nikafumba macho kidogo. Likizo si ndiyo hiyo?

Aliyeona ni Dani. Alikuwa amevua viatu vyake na kuviweka mbele yake mchangani, pakavu. Kimoja kilikuwa kinaelea.

“Mwanangu,” akaniambia, “huu mto ulikuwepo?”

Nilisimama. Kati yetu na lile fungu kulikuwa na maji, na hayakuwa yamekuja kwa mbele kama nilivyotarajia, kwa wimbi linaloonekana. Yaliingia kwa pembeni, kimya, yakajaza kwanza bonde lililo karibu na sisi. Huko kwenye fungu mchanga ulikuwa bado mkavu pande zote, kwa hiyo wao hawakuona kitu. Nikapiga kelele. Upepo wa kusi ulikuwa unatoka baharini, ukanirudishia sauti yangu mdomoni. Nikapunga leso. Wa kati akanipungia mkono kwa furaha.

Mzee mmoja alikuwa akiisukuma ngalawa yake kwa pondo, sambamba na ufuo. Sijui nilimwambia nini. Nadhani sikumsalimu hata. Alitazama nilikokuwa nikielekeza, akasema, “Usipige ukelele, mwanangu, nawaendea,” akageuza ngalawa bila haraka yoyote, jambo ambalo wakati ule lilinitia hasira na baadaye nikalielewa, maana pondo haina haraka. Kufikia hapo baba watoto alikuwa ameshtuka na kuanza kurudi. Mvulana alikuwa mabegani mwake. Msichana alikuwa ameshika shati lake kwa nyuma. Maji yalimfika baba yao kifuani, kisha nikaona anayumba, usoni amekunja sura, kumbe amekanyaga wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba kama nungunungu. Hakuweza kusimama wala kuanguka. Mzee akawafikia, akampokea mtoto, kisha mwingine, kisha yeye.

Walipofika hakuna aliyesema neno. Msichana wangu alikuwa bado ameshika lile shati, vidole havifunguki.

“Nyinyi ni wa bara?” mzee akauliza.

“Kisumu.”

“Kisumu mna maji.”

“Ni ziwa, mzee.”

“Aa,” akasema, kama daktari aliyekwisha kuona ugonjwa.

Akamtuma kijana alete papai bichi. Akalikata, akaupaka ule utomvu mweupe kwenye kisigino cha baba watoto. Baadhi ya miiba ilitoka kesho yake; mmoja tulirudi nao Kisumu. Huku anampaka, akatupa darasa. Aliuchora mwezi mchangani kwa ncha ya kisu. Mwezi ukiandama, na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa ya bamvua: yanajaa sana na yanakupwa sana. Mwezi wa nusu ni maji mafu, hayaji juu sana wala hayaendi mbali. Siku za bamvua huko kwao maji kupwa huangukia saa nne, saa tano asubuhi, na kujaa huwa saa kumi, alasiri na alfajiri. Kila siku saa hizo husogea mbele. Na maji yanaporudi, akasema, saa ya kwanza yanatambaa, saa ya tatu yanakimbia. Anayekwenda kwenye fungu anarudi maji yakiwa bado yanatoka. Hangoji yageuke.

Nilipouliza yanapanda kiasi gani, akaonyesha kwa mkono juu ya kichwa chake, kisha akaongeza urefu wa pondo. Baadaye nimepata hesabu yake: wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwenye pwani ya Kenya hukaribia mita 4. Ni nyumba ya ghorofa moja inayokuja na kuondoka mara mbili kwa siku.

Msichana wangu, ambaye alikuwa hajafungua kinywa, akasema mwalimu aliwafundisha hayo: jua, mwezi na dunia vikipangana mstari mmoja, mvuto wa jua unaungana na wa mwezi. Dani akataka kujua mbona huo mwezi hauvuti ziwa. Unavuta, Dani, ila ziwa ni dogo, halionyeshi. Ziwa Victoria, kubwa kuliko yote Afrika, dogo! Dani akalifikiria hilo muda mrefu. Kisha akamwambia yule mzee, kwa Kiswahili chake cha sokoni, “Maji yenu yameajiriwa. Yanaingia kazini, yanatoka.” Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

Kuanzia hapo likizo ikageuka. Jumatatu tulikuwa ufuoni saa kumi na mbili na robo asubuhi, kabla ya chai. Maji yalikuwa yamejaa vizuri na yameanza kurudi, na jua likatoka baharini mbele ya watoto, jekundu, likilowa. Wakaogelea, au tuseme wakaruka ruka maji yakiwa kiunoni, hadi saa mbili. Kukipwa, tukawa tunaenda vidimbwini na mjukuu wa yule mzee, kila mtu na sandak zake miguuni, zile za plastiki za kuvalia matopeni. Nilizidharau nilipokuwa nafungasha. Ni Dani aliyezisokomeza kwenye begi. Katika vidimbwi kuna mji mzima. Kaa wanaokimbia upande, visamaki vya rangi ya ndizi, na yule kiumbe wa nyota ambaye jina lake lilimpendeza mwanangu hadi leo analitaja kila wiki: kiti cha pweza. Unamtazama alipo, humtoi majini.

Hapo pia niliona kitu ambacho Jumamosi sikukiona kwa uchungu wa boya la bata. Wakati bahari “haipo”, kuna watu kazini. Wanatembea juu ya mwamba na vijiti na vyuma, wanachungulia mashimo, wanatoa pweza. Siku za bamvua ndizo siku zao. Sisi tuliona bahari imetutoroka, wao waliona mlango wa duka umefunguliwa.

Nigusie hapa habari ya ufuo ni wa nani, kwa kuwa ilitukera siku moja. Tulikuwa tunatembea mchangani, mlinzi wa hoteli fulani akatuzuia na rungu lake, akasema huku ni kwa wageni. Tukarudi nyuma kama wezi. Mzee aliposikia akasikitika. Ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ya umma; imo kwenye ibara ya 62 ya Katiba ya 2010. Viti na miavuli ni vya hoteli, mchanga wa chini si wake. Kinachosumbua ni njia za kufika huko, kwa sababu ni chache na zimebanwa kati ya kuta. Ulizia njia ya umma mapema. Na siku za bamvua usitembee mbali na njia hiyo maji yanapojaa, kwani ule mchanga wa umma wote utakuwa chini ya maji na wewe utabaki umegandamana na ukuta.

Pale kwenye njia yetu palikuwa na bibi wa Kidigo aliyeuza viazi karai na muhogo wa kukaanga. Mara ya kwanza nilifika na njaa, nikasema, “Nataka viazi vya mia.” Kule Kondele hiyo ni sentensi kamili. Bibi akaendelea kugeuza viazi vyake. Kisha, bila kuinua macho: “Hata salamu, mwanangu?” Niliungua masikio kuliko mafuta yale. Shikamoo. Marahaba, mwatoka wapi? Mmelala salama? Mgonjwa wa miiba yuaendeleaje? Kumbe habari za kisigino zilikuwa zimefika kabla yetu. Nikaomba viazi, nikapewa na ukwaju zaidi. Watoto walijifunza upesi. Waliporudi Migosi walimwamkia mwenye duka shikamoo, naye akageuka kuangalia nyuma kama kuna mtu mwingine.

Yeye na Dani walishikana kama walionyonya pamoja. Dani Kiswahili kinamkatikia njiani, bibi hajui Kijaluo neno moja, lakini samaki wanawajua wote wawili. Samaki aliyepasuliwa na kuanikwa juani, kwetu obambla, kwao ng'onda. Chumvi wanatia kiasi gani, nzi wanawafukuza vipi, mume anayeondoka usiku na kurudi na deni. Kila alasiri nilimkuta Dani ameketi kwenye kigoda kingine, anamenya viazi bila malipo. Sima alikula (ndivyo wanavyoita ugali), mbaazi za nazi kwa mahamri alikula asubuhi zote, changu wa kupaka alimaliza mpaka kichwa. Pweza akakataa. Kitu cha miguu minane, alisema, akile mwenye meno ya ziada.

Tumbili na kima nitawapitia haraka: funga madirisha. Kima mmoja aliingia jikoni Jumanne, akapita katikati yetu, akachagua mkate wa siagi akaacha ule wa kawaida. Mbega ni wengine kabisa, weusi wenye manyoya meupe mabegani, hawaibi, wanakula zaidi majani na wanakaa huko juu. Shirika la Colobus Conservation limefunga madaraja ya kamba juu ya barabara ili wavuke bila kugongwa na magari. Tulisimama chini ya daraja moja nusu saa. Walivuka watatu, mmoja na mtoto amemng'ang'ania tumboni, na tuktuk zikipita chini yao.

Ngamia wa ufuoni: patana bei kabla mguu wa mtoto haujapanda. Nimemaliza.

Jumatano tulikwenda Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo, mmoja kati ya misitu ya kaya za Mijikenda iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008. Nilisitasita kupeleka watoto mahali pa kunyamaza, lakini ndiyo saa ambayo wote watatu walikuwa watulivu kupita zote. Kila mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni. Huvunji kijiti, huokoti jani. Kitinda mimba alifungiwa kaniki ya mtu mzima iliyokunjwa mara nne, akatembea amejishika pindo, anakanyaga taratibu, na nilipomuuliza mbona hivyo alininong'oneza kwamba miti imelala.

Alhamisi mzee alitupeleka hadi karibu na mwamba. Alikuwa na jaketi mbili za kuokoa maisha. Nikasema hatupandi mpaka ziwe za watoto wote na za kwetu, na baada ya Jumapili ile sikujali kuonekana mwoga. Akaenda akaazima. Dani naye, aliyeapa kutoingia majini, alikuja hadi ukingoni na kusimama maji yakimfika magotini, gauni amelikusanya mkononi, akawa anayaonja kwa kidole mara kwa mara kama mchuzi.

Ndipo alipopata wazo la kuyabeba. Wenzake wa Rusinga hawangeamini kwa maneno. Nikamwambia nitamtafutia chupa ya soda. Bibi wa viazi akakataa: chupa za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ufuoni tangu Juni 2020, na hata kama hakuna anayekagua, yeye hapendi kuziona pale. Makombe nayo tulishaambiwa tuyaache, si ya kubeba. Dani akatazama huku na huku. Akaenda nyumbani, akamwaga chai, akarudi na thamosi.

Ijumaa kule Miritini tulipanga mizigo mstari mmoja, mbwa wakapita wakinusa. Mmoja akasimama kwenye thamosi. Askari akamwuliza Dani kuna nini humo.

“Bahari,” akajibu.

Askari akafungua, akanusa, akamtazama, akafunga. Kutoka pale hadi Kisumu tulinunua chai kwenye kila kituo, na bei zake mnazijua.

Wiki mbili baadaye tulimpeleka Rusinga. Wazee wenzake walikuwa wameketi chini ya mti, kama sita hivi, na Dani akapita na kijiko kimoja kimoja, kama anayetoa dawa. Waliramba, wakakunja nyuso. Mmoja alitema, akauliza ni nani aliyetia chumvi yote hiyo. Dani akamwambia hata yeye aliuliza, na wenyewe hawajui. Wanachojua ni saa yanapoondoka.